Kuvunja Jeni na Kuirudisha: Tunavyowajua Bakteria Wanaoua Nguruwe

Mwaka 1971 watafiti wawili wa Uingereza, Herbert Williams Smith na M. A. Linggood, walichapisha jaribio ambalo naamini kila mwanafunzi wa tiba ya mifugo angepaswa kuanza nalo. Walimchukua E. coli aliyekuwa akiwaharisha watoto wa nguruwe hadi kufa. Bakteria huyo alikuwa na plazmidi tatu, yaani pete ndogo za DNA zinazokaa nje ya kromosomu na zinazoweza kuhama kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine. Ya kwanza ilibeba jeni za nyuzi laini ziitwazo K88, ambazo bakteria hujishikiza nazo kwenye ukuta wa utumbo. Ya pili ilitoa sumu inayofanya utumbo umwage maji. Ya tatu ilitoa hemolisini, sumu inayopasua chembe nyekundu za damu.

Walichofanya ni kumvua bakteria huyo plazmidi zake moja baada ya nyingine, kisha kuwapa watoto wa nguruwe bakteria waliobaki. Bila K88, bakteria aliyekuwa muuaji alipoteza sehemu kubwa ya makali yake; aliporudishiwa, ugonjwa ukarudi. Bila plazmidi ya sumu ya utumbo, kuharisha kulipungua. Bila hemolisini, hakuna cha maana kilichobadilika.

Matokeo hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nilipende jaribio hili. E. coli wanaotoka kwenye kinyesi cha watoto wa nguruwe wanaoharisha mara nyingi huyeyusha damu kwenye sahani za maabara, na duara jeupe wanaloacha halifichiki hata kwa mwanagenzi. Alama hiyo iliandamana na ugonjwa kiasi kwamba ilikuwa rahisi kuamini kwamba ndiyo chanzo. Kumbe kwa bakteria yule ilikuwa mwenza wa safari tu. Hakuna hesabu ya kulinganisha wagonjwa na wazima ambayo ingeweza kulithibitisha hilo. Ilibidi kitu kiondolewe, kitazamwe kilichobadilika, kisha kirudishwe.

Miaka 17 baadaye, mwaka 1988, Mmarekani Stanley Falkow aliuweka utaratibu huo katika masharti yanayofanana na yale ya Robert Koch wa karne ya 19. Koch alitaka kumtia hatiani bakteria. Falkow alitaka kuitia hatiani jeni. Jeni iwepo kwa bakteria wanaoleta ugonjwa, ikivunjwa makali yapungue, na ikirudishwa makali yarudi. Sharti la tatu ndilo linalorukwa mara nyingi, kwa sababu ni kazi ngumu na haileti sifa. Lakini bila hilo mtafiti hajui kama alichokivunja ni jeni aliyoilenga au ni jirani yake. Jeni za bakteria mara nyingi hupangwa kwa mstari na kusomwa pamoja, hivyo ukivunja ya kwanza unaweza kuzinyamazisha zote zinazoifuata.

Masharti ni mepesi kuyaandika. Kuyatimiza kwa bakteria wa nguruwe kumechukua miongo kadhaa, na kikwazo kikubwa ni cha kimwili kabisa: kuiingiza DNA ndani ya bakteria. E. coli wa maabara amezoezwa kupokea DNA. Bakteria aliyetoka jana kwenye pafu la nguruwe hana mazoea hayo. Ana vimeng'enya vinavyokata DNA yoyote ngeni, na baadhi yao wana kapsuli nene ya sukari inayowazunguka. Plazmidi nyingi zinazostawi ndani ya E. coli hufa ndani yake. Ndiyo maana kila bakteria wa nguruwe amehitaji vifaa vyake, na ndiyo maana tunawajua kwa viwango tofauti sana.

Actinobacillus pleuropneumoniae ndiye mfano mzuri zaidi, kwa sababu kwake karibu kila mbinu imejaribiwa. Huyu husababisha homa kali ya mapafu. Nguruwe aliyekula vizuri jioni anaweza kukutwa asubuhi amekufa, povu lenye damu likiwa puani na mdomoni. Wanaopona hubaki na bakteria kwenye tonsili zao na kuwaambukiza wengine bila dalili yoyote. Ugonjwa ulielezwa Uingereza mwaka 1957, kisha Richard Shope, yule yule aliyewahi kutenga kirusi cha mafua ya nguruwe, akauchunguza kutokana na mlipuko wa Argentina na kuchapisha kazi yake mwaka 1964. Leo bakteria huyu amegawanywa katika aina 19 kwa kufuata kapsuli yake, na ana familia ya sumu ziitwazo Apx, kuanzia ya kwanza hadi ya nne. Hakuna aina yenye zote tatu za mwanzo: aina ya 1, ya 5, ya 9 na ya 11 zina Apx I na II, na hizo huhesabiwa kuwa kali kupindukia, nyingine zina II na III, nyingine zina moja tu.

Jaribio la awali la kumvunja jeni kwa mkupuo lilitumia transposoni, vipande vya DNA vinavyoruka na kujipachika mahali popote kwenye kromosomu. Kinapoangukia ndani ya jeni, jeni hiyo imekufa. Transposoni ya kwanza iliyotumika kwake, Tn10, ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilipenda kuangukia mahali pale pale. Mtafiti aliweza kukusanya bakteria elfu moja waliobadilishwa na kukuta sehemu kubwa yao wamevunjika jeni ile ile. Uchunguzi wa namna hiyo haujibu swali la "jeni zipi", maana jeni nyingi hazikuguswa kamwe.

Suluhisho lilitoka kwa nzi. Himar1, transposoni ya jamii ya mariner, iliundwa kutokana na mabaki yaliyopatikana kwenye DNA ya nzi wa pembe, yule mdogo anayewasumbua ng'ombe. Himar1 haihitaji mengi: inataka tu herufi T ikifuatiwa na A. Kwenye DNA ya A. pleuropneumoniae, yenye herufi karibu milioni 2.3 ambazo nyingi ni A na T, nafasi za namna hiyo zimetapakaa kila pembe. Mfumo wa mariner kwa bakteria huyu ulichapishwa mwaka 2010 na kundi la Imperial College London pamoja na wenzao, na kuanzia hapo iliwezekana kuwa na mkusanyiko wa bakteria waliovunjwa jeni karibu zote zisizo za lazima kwa uhai.

Lakini mkusanyiko wenyewe haujibu kitu. Swali ni nani kati yao anashindwa kuishi ndani ya pafu. Ukimjaribu kila mmoja kwa nguruwe wake, utahitaji nguruwe kwa maelfu, jambo lisilowezekana kwa fedha wala kwa dhamiri. Hapa ndipo wazo la Michael Hensel, David Holden na wenzao, lililochapishwa mwaka 1995, linapopata uzito wake. Walimpa kila bakteria aliyevunjwa kipande kifupi cha DNA chenye mpangilio wake wa pekee, kama wakimbiaji wa marathoni walivyo na namba kifuani. Wakawachanganya 96 na kuwaingiza ndani ya panya mmoja. Siku chache baadaye wakasoma namba zilizofika kwenye bandama na kuzilinganisha na zilizoanza. Namba iliyokosekana ni ya bakteria aliyepoteza jeni aliyoihitaji ili aishi ndani ya mnyama. Kwa njia hiyo wakagundua kwenye Salmonella kundi zima la jeni ambalo halikuwa limejulikana.

Mbinu hiyo ilihamishiwa kwa A. pleuropneumoniae kati ya mwaka 2000 na 2003, kabla ya mariner kupatikana, safari hii ndani ya nguruwe wenyewe. Hapo panya hafai sana, maana bakteria huyu kwa asili ni wa nguruwe. Orodha iliyotoka ilishangaza kwa ukawaida wake. Pamoja na sumu na kapsuli zilizotarajiwa, zilitokea jeni za lishe: za kutengeneza viambajengo ambavyo pafu halitoi, za kupata madini ya chuma, za kuishi penye oksijeni kidogo. Naliona hili kuwa fundisho kubwa kuliko sumu zenyewe. Bakteria aliye ndani ya mnyama ana njaa muda wote, na mengi tunayoyaita makali yake ni jitihada za kutafuta chakula.

Mwaka 2009 mashine za kisasa za kusoma DNA ziliondoa haja ya namba za kifuani. Katika Taasisi ya Sanger, Uingereza, watafiti walitengeneza Salmonella Typhi zaidi ya milioni moja waliopachikwa transposoni, wakasoma moja kwa moja kila mahali ilipoangukia, nafasi tofauti 370,000. Mahali ambapo haikuonekana kabisa palikuwa na jeni ambazo bakteria hawezi kuishi bila hizo, walizihesabu 356. Mbinu hiyo, iitwayo TraDIS, ikaingizwa katika utafiti wa magonjwa ya mapafu ya nguruwe na muungano wa vyuo vinne vya Uingereza: Imperial, Cambridge, Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Mifugo, na chuo cha London cha usafi na magonjwa ya tropiki.

Ipo hatari hapa isiyosemwa vya kutosha. Unapomwingizia nguruwe mchanganyiko wa makumi ya maelfu ya bakteria tofauti, si wote wanaopata nafasi ya kutua kwenye pafu. Huenda wachache tu ndio wanaofika na kuzaana, na waliobaki wanatoweka kwa bahati mbaya, si kwa udhaifu. Ukisoma matokeo bila kulijua hilo, utaitia hatiani jeni isiyo na kosa. Panya mmoja na bakteria 96 walivumilika. Nguruwe mmoja na bakteria 50,000 ni hesabu nyingine kabisa. Dawa yake ni kupunguza ukubwa wa mchanganyiko, kurudia kwa wanyama kadhaa, na hatimaye kuvunja jeni moja moja kwa makusudi. Wengine wameanza na viumbe vingine ili nguruwe wachache tu watumike: kiwavi wa nondo wa nta, yule ambaye wafugaji wa nyuki humjua kwa kuharibu masega, ameonyesha kuugua anapodungwa A. pleuropneumoniae. Kiwavi hana mapafu, kwa hiyo hatoi hukumu ya mwisho, lakini husaidia kuchuja.

Kuvunja jeni moja kwa makusudi kwa bakteria huyu kumerahisishwa na tabia yake mwenyewe. Yeye na ndugu zake wa familia ya Pasteurellaceae huvuta DNA iliyo nje na kuiingiza mwilini mwao, hasa ikiwa na mfuatano maalumu wa herufi tisa: ACAAGCGGT. Ndugu yake anayeishi kwa binadamu, Haemophilus influenzae, hutumia mfuatano unaokaribiana na huo, na ni yeye aliyekuwa kiumbe hai wa kwanza anayejitegemea kusomwa DNA yake yote, mwaka 1995. Mtafiti akiambatisha herufi hizo tisa kwenye kipande cha DNA alichokiandaa, bakteria hukimeza na kukibadilisha na jeni yake. Baadhi ya bakteria, hasa mmoja wa aina ya 15, humeza kwa wingi ajabu. Wengine hugoma, na hakuna anayeweza kusema mapema nani atagoma.

Kinachofuata ni ufundi unaostahili kuelezwa taratibu. Kwanza jeni lengwa hubadilishwa na kipande chenye mambo mawili: jeni ya usugu dhidi ya chloramphenicol, na jeni iitwayo sacB kutoka kwa Bacillus subtilis. Bakteria waliokipokea huota kwenye chloramphenicol, hivyo ni rahisi kuwapata. Kisha hupewa kipande cha pili kisicho na kitu katikati. Waliokibadilisha wamepoteza sacB. Wasiokibadilisha bado wanayo. Sasa wote hupandwa kwenye sukari, ile ile ya chai. Mwenye sacB huigeuza sukari kuwa minyororo inayomdhuru yeye mwenyewe na kufa. Wanaobaki wamekatwa jeni safi, bila usugu wowote wa dawa ulioachwa nyuma.

Usafi huo ni zaidi ya unadhifu wa maabara. Bakteria atakayekuwa chanjo hai asiende kwenye banda la mfugaji akiwa na jeni mpya ya usugu.

Faida iliyopatikana mapema zaidi kutokana na kazi hii ilitoka kwa Apx IV, sumu iliyoelezwa mwaka 1999 na kundi la Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi. Jeni yake iko kwa aina zote za bakteria huyu na haipo kwa wengine, lakini kwenye kioevu cha maabara bakteria haitengenezi kabisa. Huitengeneza akiwa ndani ya nguruwe tu. Kwa hiyo nguruwe aliyechanjwa kwa bakteria waliouawa hapati kingamwili dhidi ya Apx IV, ila aliyeambukizwa huzipata. Mwaka 2004 kilichapishwa kipimo cha damu kilichojengwa juu ya tofauti hiyo, na kwa mara ya kwanza daktari wa mifugo akaweza kumtenga aliyeugua na aliyechanjwa. Kuna doa moja: baadhi ya bakteria wamepachikwa katikati ya jeni hiyo kipande kinachoruka kiitwacho ISApl1, na hao hawatoi Apx IV kamili. Kipande hicho kina hadithi yake, na nitairudia.

Streptococcus suis anatupeleka kwenye swali lenye hatari zaidi kwetu sisi wanadamu. Nguruwe wengi wanamhifadhi kwenye tonsili bila kuugua. Akiingia kwenye damu huleta homa ya uti wa mgongo, viungo kuvimba na kifo, na anaweza kumwambukiza mtu anayechinja au kula nyama mbichi. Kisa cha kwanza cha binadamu kiliripotiwa Denmark mwaka 1968. Katika mlipuko wa Sichuan, China, mwaka 2005, waliripotiwa wagonjwa 215 na 38 kati yao walifariki. Nchini Vietnam ni miongoni mwa visababishi vikuu vya homa ya uti wa mgongo ya bakteria kwa watu wazima, na wanaopona wengi huachwa viziwi.

Hapa ndipo alama zilipowadanganya wataalamu kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Uholanzi walibaini protini mbili, MRP na EF, ambazo bakteria wakali wa aina ya 2 walikuwa nazo na wapole hawakuwa nazo. Pamoja na suilisini, sumu inayotoboa chembe, zikawa kipimo cha ukali. Kisha mwaka 1996 kundi la Uholanzi lenyewe likavunja jeni za MRP na EF na kuwapa nguruwe bakteria hao. Nguruwe wakaugua vilevile. Wakati huo huo bakteria waliotoka kwa nguruwe wagonjwa wa Amerika Kaskazini mara nyingi hawakuwa na alama hizo kabisa. Kapsuli nayo ilipovunjwa, mwaka 1998 na 1999, bakteria alipoteza makali yake mbele ya chembe za kinga. Kapsuli ilikuwa imejulikana siku zote na haikuwa na mvuto wa kitu kipya, na ndiyo iliyovuka sharti la pili la Falkow.

Vifaa vya kumkata bakteria huyu vilianza kwa taabu kubwa. Kwa miaka mingi watu walitegemea plazmidi iliyotengenezwa Japani mwaka 2001, ambayo huzaana kwa nyuzijoto 28 na kushindwa kwa 37. Mtafiti humwingizia bakteria plazmidi kwenye ubaridi, kisha humpandisha joto. Anayebaki na usugu ameikaribisha plazmidi ndani ya kromosomu yake. Kazi hiyo huchukua majuma, na kwa baadhi ya bakteria haifaulu kamwe. Mwaka 2014 kundi la Wageningen, Uholanzi, lilionyesha kwamba S. suis naye humeza DNA kwa hiari yake akipewa peptidi fupi ambayo yeye mwenyewe huitumia kuwaashiria wenzake. Kazi ya majuma ikawa ya siku. Ugunduzi wa namna hii hauandikwi magazetini, lakini ndio unaoamua ni maswali gani yatajibiwa miaka kumi ijayo.

Mkasi wa CRISPR nao umeingia, baada ya watafiti wa New York kuonyesha mwaka 2013 kwamba unahariri DNA ya bakteria, akiwemo binamu wa S. suis anayewaletea watu nimonia. Sioni kwamba umebadilisha mambo kwa kiasi kinachodhaniwa. Bakteria wengi hawawezi kuunga DNA iliyokatwa pande zote mbili, hufa. CRISPR kwao hufanya kazi ya kuwaua wasiobadilika, na mtafiti bado anapaswa kumwingizia bakteria kipande cha kurekebishia. Kikwazo kimebaki pale pale: kuingia.

Kusoma DNA kumekimbia mbele kuliko kuikata. Mwaka 2015 kundi lililoongozwa kutoka Cambridge lililinganisha bakteria 375 wa S. suis, wengi wa Uingereza na Vietnam. Waligundua kwamba waliowaambukiza watu hawatofautiani sana na waliowaua nguruwe. Binadamu hupatwa na kundi lile lile. Waligundua pia kwamba bakteria waletao ugonjwa wana DNA fupi kuliko wale wapole, ingawa wana jeni nyingi zaidi zinazohusishwa na ukali. Yaani katika kuelekea ukali wamepoteza mengi. Ni matokeo mazuri, na yanaleta orodha ndefu ya jeni za kushukiwa. Orodha hiyo ni sawa na MRP na EF za mwaka 1991: kabla ya kukatwa na kurudishwa, ni tuhuma.

Kwa Mycoplasma hyopneumoniae hata kukata kulikuwa ndoto hadi juzi. Huyu ndiye mletaji wa kikohozi kikavu kinachoendelea bandani kwa miezi, na alitambuliwa mwaka 1965 karibu kwa wakati mmoja Uingereza na Marekani. Hana ukuta wa seli, ana herufi karibu 900,000 tu, na hukua polepole kwenye kioevu chenye damu iliyochujwa ya nguruwe. DNA ya mmoja wao ilisomwa yote mwaka 2004, lakini miaka ilipita bila mtu kuweza kumvunja jeni hata moja kwa utaratibu unaotegemewa. Tena anatumia lugha ya jeni tofauti kidogo: herufi UGA, ambazo kwa E. coli humaanisha "simama", kwake humaanisha asidi amino iitwayo triptofani. Ukichukua jeni yake ukaipeleka kwa E. coli ili itengeneze protini kwa ajili ya chanjo, E. coli hukatisha kazi njiani. Mwaka 2013 Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Mifugo, London, kilitoa mambo mawili kwa mpigo: plazmidi inayojizalisha ndani yake, na mfumo wa mariner. Ni nzi yule yule.

Brachyspira hyodysenteriae, mletaji wa kuhara damu kwa nguruwe, ana njia yake isiyo ya kawaida. Hutengeneza chembe zinazofanana na kirusi, lakini ndani yake hakuna jeni za kirusi. Kuna vipande vya DNA ya bakteria mwenyewe, vilivyochukuliwa ovyo. Chembe hizo huingia kwa jirani na kumwachia jeni. Zilielezwa mwaka 1997, na zinaonyesha kwamba bakteria wamekuwa wakifanya uhandisi wa jeni kabla yetu kwa muda usiopimika.

Narudi sasa kwa ISApl1. Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza mcr-1, jeni ya usugu dhidi ya colistin, dawa inayohifadhiwa kwa wagonjwa walioshindwa na nyingine zote. Waliipata kwenye plazmidi ya E. coli kutoka kwa nguruwe wa Shanghai. Walipothibitisha uwezo wake walifanya kile kile cha mwaka 1971: walimpa plazmidi E. coli asiye na usugu, naye akawa sugu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kipande kinachoibeba mcr-1 na kuirusha ni ISApl1, kilichotambuliwa mara ya kwanza kwa A. pleuropneumoniae. Nacho ndicho kinachoharibu kipimo cha Apx IV. Aliyekuwa akichunguza pafu la nguruwe kwa ajili ya nguruwe alikuwa ameshaitaja, bila kujua, sehemu ya mashine ambayo ingetishia dawa ya mwisho ya hospitali. China iliacha kutumia colistin kama kikuza mifugo mwaka 2017.

Mfano wa pili wa DNA inayohama unawahusu wafugaji wetu wa Afrika Mashariki moja kwa moja. A. pleuropneumoniae mmoja aliyetoka Uingereza alikutwa na kipande kikubwa cha DNA kinachohama kutoka kromosomu moja hadi nyingine, kikiwa na usugu dhidi ya tetracycline. Kina undugu na kile kilichopatikana kwa Haemophilus influenzae wa binadamu. Tetracycline ndiyo jamii ya OTC, yaani oxytetracycline, sindano inayotembea kwenye mkoba wa kila mtoa huduma ya mifugo kutoka Mbeya hadi Masaka. Nguruwe akikohoa, OTC. Akiharisha, OTC. Asipopona, dozi nyingine.

Katika Afrika Mashariki swali la bakteria wa nguruwe limefunikwa na homa ya nguruwe ya Afrika, na si ajabu. Kirusi hicho kilielezwa mara ya kwanza na Montgomery nchini Kenya mwaka 1921, na hadi leo kinasafisha mabanda mazima. Utafiti mkubwa wa jeni za maradhi ya nguruwe uliofanyika kwetu umekielekea chenyewe: mwaka 2021 wanasayansi wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, Nairobi, walichapisha kazi ya kukihariri kwa CRISPR kirusi kinachozunguka ukanda wetu ili kutafuta chanjo. Ni kazi ya kujivunia. Lakini imetufundisha pia kuwa nguruwe akifa ghafla, jina moja tu ndilo linalotajwa, na bakteria anayeweza kuua kwa usiku mmoja hapewi hata nafasi ya kushukiwa.

Kwa maoni yangu kosa tunaloweza kulifanya sasa ni kununua vipimo vilivyojengwa juu ya orodha za Ulaya na China na kuviamini. Wataalamu wa Uholanzi walikuwa waangalifu, na bado MRP na EF hazikuvuka bahari. Hatuna sababu ya kudhani kwamba bakteria wa nguruwe wa Njombe, Kiambu na Mukono wanafuata ramani ya bara jingine. Kusoma DNA leo kunaweza kufanywa kwa kifaa kinachoshikwa mkononi, na vyuo vyetu vya tiba ya mifugo, Sokoine, Makerere na Kabete, vina watu wa kuifanya. Kisichotosha ni bakteria wenyewe, waliokusanywa kwa utaratibu na kuhifadhiwa kwenye barafu ya nyuzijoto 80 chini ya sifuri, wakiwa na rekodi ya nguruwe aliyewatoa: alikohoa au hakukohoa, alidungwa nini, alitoka banda gani.

Mahali pa kuanzia panajulikana. Katika machinjio ya nguruwe ya Wambizzi, Kampala, mapafu hupita mezani kila siku, na yale yenye makovu ya A. pleuropneumoniae huonekana kwa macho: eneo gumu jeusi lililogandamana na utando wa kifua, mara nyingi sehemu ya juu na ya nyuma ya pafu. Kipande kidogo kikichukuliwa kutoka hapo, na kingine kutoka kwenye tonsili za nguruwe aliyeonekana mzima, tayari kuna jozi ya kulinganisha. Kusoma DNA zao kutatoa tuhuma. Kuzithibitisha kutahitaji maabara moja yenye ruhusa, kwa mfano chini ya Sheria ya Usalama wa Kibiolojia ya Kenya ya mwaka 2009, na mafundi wachache waliojifunza herufi tisa za kumezesha DNA, chloramphenicol na sahani ya sukari.